Kijiji cha Craster, Uingereza: nilivyompeleka mjomba mvuvi wa Pangani, na barabara ilivyotuzamia Lindisfarne

Jahazi Bovu (mleta mada)

Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni msomaji wa humu miaka na miaka, leo nimeona nami nilete kauzi kangu. Mambo ya viza na bei za tiketi sitayagusa, nyuzi zake zimejaa humu na zote huishia kwenye matusi. Hii ni habari ya kijiji.

Niko Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Mwezi Mei mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, alikuja kunitembelea wiki tatu. Mjomba ni mtu wa Pangani, miaka sabini na ushee, kavua tangu hajabalehe: mtumbwi, ngalawa, mpaka mashua ya injini. Kiingereza chake ni "yes" na "thank you", na anavitumia kwa uangalifu.

Siku tatu za mwanzo nikamzungusha madukani, makumbusho, madaraja ya mto Tyne. Akawa anaangalia kwa adabu, kama mtu aliyekaa kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Siku ya nne tunakunywa chai akaniuliza: "Mpwa wangu, hawa watu bahari yao wameificha wapi?"

Ndiyo nikakumbuka Craster. Ni kama kilomita 65 kaskazini mwa Newcastle, kijiji cha watu mia chache, nyumba za mawe zimebanana kuzunguka bandari ndogo ambayo ukisimama upande mmoja ukaita, wa upande wa pili anageuka. Tukachukua kigari changu asubuhi, thermos ya chai, maandazi, na koti langu la baridi ambalo mjomba alilivaa juu ya makoti yake mawili.

Nitaendelea, ngoja nimalizie zamu.

Kichwa Ngumu

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Shusha.

Mama Tabasamu

Huyo mjomba nimeshampenda. "Bahari yao wameificha wapi" 😂

Mzee wa Tandale

Bila picha huu uzi ni hadithi za sungura na fisi.

Jahazi Bovu

Picha sibandiki, mjomba kanikataza sura yake isionekane mitandaoni. Vumilieni maneno.

Tuendelee. Ukifika Craster huegeshi gari bandarini, hakuna nafasi. Unaliacha kwenye shimo kubwa kandokando ya kijiji ambalo zamani lilikuwa machimbo ya mawe. Mwamba wa kule ni mweusi na mgumu kweli, wenyeji wanauita whinstone. Ulipanda kutoka chini ya ardhi ukiwa uji wa moto miaka karibu milioni 300 iliyopita, ukapoa kabla haujatoka nje. Walikuwa wanauchimba, wanausaga kokoto, kokoto zinapakiwa melini hapohapo bandarini na kupelekwa kutengeneza barabara. Ukitazama mwisho wa gati utaona jengo la zege kama lango lisilo na nyumba. Hilo ni mguu wa mapipa makubwa ya kuhifadhia kokoto, mapipa yenyewe yalishaondolewa.

Gati lenyewe lilijengwa mwaka 1906 na familia yenye jina lilelile la kijiji, akina Craster, kumkumbuka kijana wao, kapteni wa jeshi, aliyeuawa Tibet mwaka 1904. Nikamtafsiria mjomba kibao. Akasema: "Mtoto kafa milimani wakamjengea bandari. Hawa ni watu wa pwani kweli."

Sasa tuje kwenye harufu. Tangu tunashuka kutoka kwenye maegesho mjomba alikuwa ananusanusa. Hakusema kitu. Tulipokata kona akasimama: "Hapa pana mtu anabanika samaki."

Ni kweli. Katikati ya kijiji kuna jengo la mawe la mwaka 1856, paani lina matundu ya mbao ya kutolea moshi, na moshi unavuja kila upenyo. Ni la familia ya Robson. Wanachukua heringi, samaki wa mafuta kama alivyo dagaa ila mkubwa wa kiganja na nusu, wanampasua mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani, wanamfungua kama kitabu, wanamloweka kwenye maji ya chumvi, kisha wanawaning'iniza kwa safu juu ya moto wa vumbi la mbao la mwaloni. Moto hauwaki, unafuka tu. Wanakaa humo hata kwa muda wa saa 16. Wakitoka wana rangi ya shaba. Wenyewe wanawaita kippers.

Mjomba aliwaangalia dirishani kwa muda mrefu. Halafu: "Hii ni ng'onda. Ng'onda ya watu wasio na jua."

Mama Tabasamu

Nimecheka hadi mtoto kaamka. Ng'onda ya watu wasio na jua!

Nahodha wa Hori

Mjomba kanena. Kupasua kwa mgongo ndiko hasa, ukipasua tumbo hakauki sawasawa. Na hizo heringi wanavua wenyewe hapo kijijini?

Jahazi Bovu

Zamani ndiyo, Nahodha. Siku hizi bandarini wanashusha kaa na kamba mawe tu. Heringi wa Bahari ya Kaskazini walivuliwa mpaka karibu kuisha, na mwaka 1977 uvuvi wake ukafungwa kwa miaka kadhaa. Heringi wa kubanika sasa wanatoka mbali, Norwei huko. Kwa hiyo moshi ni wa Craster, samaki ni mgeni.

Na kazi ya kupasua ilikuwa ya wanawake. Kulikuwa na wasichana waliokuwa wakifuata makundi ya heringi pwani nzima, kutoka Uskoti wakishuka kusini kadiri msimu unavyosogea, vidole vimefungwa vitambaa kujikinga na kisu na chumvi. Nilipomweleza mjomba akasema kwao ni vilevile, mwanamume anasifiwa kwa kuvua lakini samaki asiyekaushwa na mwanamke kesho ni mbolea.

Pale bandarini alikuwepo mzee mmoja anashona dema. Dema zao ni za chuma na nyavu, umbo la nusu pipa, siyo za ufito kama zetu, lakini mdomo ni uleule: kaa anaingia kwa furaha, kutoka hawezi. Mjomba akachuchumaa kando yake. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja, ukiondoa "yes" ya mjomba. Nikaenda kununua sandwichi za kaa. Niliporudi nikakuta mjomba kashika sindano ya nyavu, yule mzee anamwangalia fundo, kisha akalifungua na kulifunga tena kwa namna ya mjomba. Sikuuliza kitu. Nikakaa nikala sandwichi yangu.

Kisauni Classic

Hii sasa ndiyo kusafiri. Wengine wetu tukifika ughaibuni ni kupiga picha kwa Big Ben na kurudi. Salimia mjomba, mwambie huku Mombasa dema bado ziko, lakini nyavu za plastiki zimekula ufito.

Mbishi Daima

Samahani mleta mada, mimi nitakuwa mbaya hapa. Mtu anatoka Pangani anakwenda kuangalia samaki wa kubanika na wavuvi? Si angebaki? Na nasikia unataka kutuletea na magofu. Kilwa Kisiwani umefika? Tongoni hapo kwenu, kati ya Tanga na Pangani, umewahi kushuka kwenye gari?

Jahazi Bovu

Mbishi, umenishika pabaya. Tongoni nimepita mara mia na sijashuka hata mara moja. Msikiti na makaburi ya nguzo vipo pale nje ya barabara, mimi niko kwenye basi nakula karanga. Mjomba mwenyewe alinisuta kwa hilo, tena mbele ya magofu ya watu.

Maana kutoka Craster unatembea kama kilomita mbili kuelekea kaskazini, ufukweni, kwenye majani mafupi yaliyoliwa na kondoo, mpaka ngome ya Dunstanburgh. Hakuna barabara ya gari. Unaiona tangu unaanza kutembea na haikui, inakaa palepale kama jino lililovunjika. Kisha ghafla umefika na minara miwili ya lango inakufunika.

Aliyeijenga ni Thomas, mkuu wa Lancaster, binamu yake Mfalme Edward wa Pili. Mwaka 1312 Thomas na wenzake walimuua kipenzi wa mfalme, mtu aitwaye Piers Gaveston, na mwaka uliofuata akaanza kujenga hapa, mbali kabisa na mfalme, kwenye ncha ya mwamba yenye bahari upande mmoja. Akachimbisha na mabwawa upande wa bara, ngome ikawa kama imeelea. Mwaka 1322 alishindwa vitani akakatwa kichwa. Na inavyoelekea hakuwahi hata kuishi humo.

Baadaye John wa Gaunt, mkuu mwingine wa Lancaster, akaligeuza lango lenyewe kuwa nyumba ya kukaa, miaka ya 1380. Kisha vikaja vita vya wao kwa wao vya karne ya 15, ikazingirwa, ikatekwa, ikatekwa tena, ikaachwa. Mawe yakaanza kubebwa kidogokidogo.

Mjomba alitembea kuzunguka ndani, mikono nyuma. Kisha akakaa juu ya jiwe, akasema: "Wewe hii umekuja kwa mafuta ya gari na umelipa kiingilio. Tongoni ya mlangoni kwenu ulikuwa unaogopa vumbi?"

Mbishi, wewe na mjomba mngeelewana.

Mbishi Daima

Naomba namba ya mjomba 😂 Haya endelea, nimepoa.

Mwalimu wa Zamu

Nyongeza kidogo, mleta mada. Huo mwamba mweusi wa Craster ndio uleule uliobeba ngome ya Dunstanburgh, na ngome ya Bamburgh, na ile ya Lindisfarne. Unaendelea bara hadi Warumi wakaujengea juu yake sehemu ya ukuta wa Hadrian. Wenyewe wanauita Whin Sill. Nilisoma jiografia huko miaka ya nyuma, hiki ndicho kitu pekee kilichobaki kichwani.

Jahazi Bovu

Ahsante Mwalimu. Basi tuingie Bamburgh, maana tulilala karibu na hapo.

Ngome ya Bamburgh kwa mbali inatisha, imekalia mwamba mrefu juu ya ufukwe mpana wa mchanga. Hapo palikuwa makao ya wafalme wa Bernicia, ufalme wa kale wa huko, tangu karne ya 6, na mwaka 1464 ilikuwa ngome ya kwanza Uingereza kuangushwa kwa mizinga. Lakini unachokiona leo kwa kiasi kikubwa ni kazi ya tajiri mmoja wa viwanda na mizinga wa Newcastle, Armstrong, aliyeinunua mwaka 1894 akaifufua. Mjomba hakuvutiwa. Alisema imenyoosheka mno.

Kilichomshika ni kijumba cha makumbusho kijijini, cha shirika la waokoaji wa baharini. Ndani kuna mashua ya Grace Darling. Huyu alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone, kwenye visiwa vya Farne hapo mbele. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1838 meli ya mvuke Forfarshire, iliyokuwa inatoka Hull kwenda Dundee, iligonga mwamba ikakatika vipande viwili. Grace, miaka 22, akaona watu juu ya mwamba kutoka dirishani kwake. Yeye na baba yake wakatoka na mashua ya makasia. Walifika, baba akaruka mwambani kuwapanga manusura, na Grace akabaki peke yake kwenye mashua, makasia mawili mkononi, akipiga mbele na nyuma ili isipondwe. Katika safari mbili wakaokolewa watu tisa. Alikuwepo mama mmoja aliyewakumbatia watoto wake wawili mwambani usiku kucha, na wote wawili walikuwa wameshakufa.

Mashua ina urefu wa futi 21. Mjomba alinyoosha mikono akapima hewani: pima tatu na nusu. Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo sikulisikia kwa mgeni mwingine yeyote mle ndani: "Upepo ulikuwa unatoka wapi?" Nikasoma mabango yote, nikamjibu unatoka kaskazini. Akatikisa kichwa. "Kurukia mwambani si kitu, mtu ukiogopa unaruka. Kuishikilia mashua pale peke yako, hiyo ndiyo kazi. Huyu mtoto alikuwa mtu wa bahari."

Miaka minne baadaye Grace alikufa kwa kifua kikuu, hajafikisha 27. Nchi nzima ilikuwa imeshamgeuza nyota, watu wanamwandikia wakiomba nywele zake. Kaburi liko hapohapo kwenye uwanja wa kanisa.

Mama Tabasamu

Watoto wawili mikononi. Ya Rabi.

Msomi wa Mkopo

Visiwa vya Farne mlikwenda? Nasikia kuna wale ndege wenye midomo ya rangi kama vinyago.

Jahazi Bovu

Pafini hao. Hatukwenda, siku hiyo upepo ulikuwa mkali na boti za Seahouses, bandari ya jirani, hazikutoka. Ukijaaliwa kwenda, nenda Mei hadi Julai na uvae kofia ngumu, membe wakiwa na viota wanadonoa watu utosini mpaka damu.

Sasa aibu yangu.

Lindisfarne ni kisiwa nusu ya siku na nusu ya siku ni bara. Kuna barabara ya lami inayokatiza mchanga wa bahari, maji yakipwa unaendesha juu yake, yakijaa inazama kabisa. Kwa kawaida inafungika tangu saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa tatu baada ya hapo. Halmashauri ya jimbo inatoa jedwali la nyakati salama, kila siku na saa zake. Jedwali lipo mtandaoni, lipo na kwenye kibao unapoingia, pamoja na picha ya gari lililozama hadi madirishani. Unaweza kusema nini tena?

Mimi nilikuwa nalo kwenye simu tangu Newcastle. Mtoto wa Pangani, nimesoma, nina jedwali. Nikamwambia mjomba: tuna hadi saa kumi na dakika ishirini. Akaangalia mchanga, akasema: "Jana pale Craster maji yalikuwa yanajaa wakati gani? Mwezi angani una siku nne leo, maji makubwa ya bamvua bado yana nguvu. Mimi naona saa tisa na nusu tuwe tumetoka." Nikamwambia mjomba, hawa watu wanapiga hesabu kwa kompyuta.

Tukaingia kijijini. Hapo ndipo Aidan, mtawa aliyetoka kisiwa cha Iona, alipoanzisha nyumba ya watawa mwaka 635, kwa mwito wa Mfalme Oswald. Hapo Cuthbert alikuwa askofu. Hapo, mwanzoni mwa karne ya 8, askofu Eadfrith aliandika na kuchora Injili za Lindisfarne, kitabu ambacho leo kiko Maktaba ya Uingereza, London. Na hapo ndipo mwaka 793 Waviking waliposhuka kutoka majahazini mwao wakaua na kupora, na Ulaya nzima ya Kikristo ikashtuka. Magofu yanayoonekana ni ya baadaye, ya karne ya 12, mawe mekundu yaliyoliwa na upepo hadi yana mabonde kama sega la nyuki. Mnara wa katikati ulianguka zamani, umebaki utepe mmoja wa tao umevuka juu hewani bila kushikilia kitu. Upinde wa mvua, wanauita. Ukisimama chini yake unajisogeza pembeni bila kujua.

Basi tamaa. Nikataka na ngome pia, ile ya juu ya kilima, iliyojengwa karne ya 16 kwa mawe ya hiyohiyo nyumba ya watawa. Mjomba ananiita, mimi napanda. Tukaondoka saa kumi kasoro dakika tano, moyoni nina dakika ishirini na tano za ziada.

Barabara ilikuwa kavu. Mchanga mkavu kushoto na kulia, nikacheka kabisa. Tumekwenda, tumekwenda, karibu na bara kuna daraja dogo na kando yake kibanda cha mbao juu ya miguu mirefu, cha watu waliozidiwa na maji kukimbilia. Kabla ya daraja nikaona lami inang'aa. Nikadhani ni jua.

Ni maji. Hayakuja na mawimbi, wala hayakuja kutoka upande niliokuwa nauangalia. Yalipita kwenye mkondo, yakazunguka nyuma, yakaanza kuifunika barabara mahali palipo chini kuliko pote, huku sisi tuliko bado pakavu.

Mjomba hakupaza sauti. "Rudi." Nikasema ni ya kifundo tu, tunapita. "Rudi, mwanangu. Hayo unayoyaona ni ya sasa hivi. Ya katikati yatakuwa mengine."

Nikageuza.

Tulipofika kijijini nikafungua simu. Nilisoma mstari wa siku inayofuata. Dakika hamsini. Wakuu, mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba maji husogea karibu dakika hamsini kila siku, tunafundishwa hilo kabla ya alifu na bee. Na ndiyo dakika hamsini hizohizo nilizokosea.

Nahodha wa Hori

Dah. Uliponea. Maji ya mkondoni ndiyo huua watu, kila siku tunasema. Mbele pakavu, nyuma yako pamejaa. Hapa kwetu watu wa chaza na pweza wanafia kwenye mafungu kwa staili hiyohiyo.

Kichwa Ngumu

"Hawa watu wanapiga hesabu kwa kompyuta" 💀 Mjomba alisema nini baada ya hapo?

Jahazi Bovu

Hakusema. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe.

Tulikaa kisiwani hadi saa mbili na dakika arobaini usiku. Na nawaambieni, kama kuna sehemu ya safari ambayo ningeirudia ni hiyo. Mchana kisiwa kina mabasi, watoto wa shule, foleni ya choo. Maji yakishafunga njia, wageni karibu wote wameondoka, kijiji kinashusha pumzi. Maduka yanafungwa. Mtu anatoka na mbwa wake. Karibu na maji kuna mashua za zamani za heringi zimegeuzwa kichwa chini, zimepakwa lami, zimewekewa milango, watu wanahifadhi humo nyavu na vyombo. Mjomba alizigonga zote kwa ngumi, moja baada ya nyingine, kama anavyogonga nazi.

Alasiri aliswali kwenye majani nyuma ya mashua moja, koti langu ndilo mswala. Kibla tulikitafuta kwa simu. Safari hii aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Halafu tukasikia sauti. Kama watu wanalia msibani, mbali, juu ya maji. Nywele zilinisimama. Ni sili, wamelala kwa mamia kwenye mafungu ya mchanga, wanaimba. Mjomba akasikiliza muda mrefu, akasema kama angekuwa peke yake usiku kwenye ngalawa angesoma Yasini hadi mwisho.

Barabara ilipofunguka bado kulikuwa na mwanga, jua la Mei kule linazama saa tatu na robo hivi usiku. Lami ilikuwa na mwani na kaa wadogo wanakatiza. Niliendesha taratibu. Mjomba alikuwa anawahesabu.

Kisauni Classic

Bro, umeandika vizuri sana. Swali la tumbo: hizo ng'onda za moshi mlikula?

Jahazi Bovu

Tulinunua jozi tatu, wanauza kwa jozi. Wenyewe wanamla asubuhi na siagi na mkate. Mjomba alionja hivyo, akasema chumvi imekaa, moshi umekaa, kilichokosekana ni akili. Akaingia jikoni kwangu Newcastle, akamchambua miba, akamtia nazi, nyanya, pilipili mbuzi na ndimu. Bada hatukuwa na unga wake, tukala na wali. Jirani yangu wa juu, mtu wa hukuhuku, alishuka kuuliza tunapika nini. Akapewa sahani. Akarudi na sahani imeoshwa na swali la kama kuna nyingine.

Msomi wa Mkopo

Mkuu, bila gari inawezekana? Mimi niko Leeds, hela ya kukodi sina.

Jahazi Bovu

Inawezekana. Treni mpaka Alnmouth, halafu basi la X18, linapita Craster, Seahouses na Bamburgh. Ni machache kwa siku, kwa hiyo ukilikosa umeshalala hapo. Craster na Dunstanburgh siku moja inatosha kabisa kwa miguu, beba koti hata kama ni Julai. Lindisfarne kwa basi ni kipengele, mabasi yake yenyewe yanafuata maji, saa zinabadilika kila siku. Ukiwa na wenzako gari ni bora. Na kuna njia ya mahujaji ya kutembea mchangani, kama kilomita tano, imewekewa nguzo. Usiiguse bila mwenyeji anayejua maji.

Mama Tabasamu

Mjomba alisharudi Pangani?

Jahazi Bovu

Alisharudi, mwezi wa sita mwanzoni. Kule anawasimulia watu kuna barabara ya lami inayolala chini ya bahari na magari yanapita, na hakuna anayemwamini. Walipomwomba ushahidi ndipo akajuta kunikataza picha.

Juzi kanitumia sauti ya WhatsApp, nyuma yake nasikia shakwe na mashine ya boti. "Mpwa wangu, huku bamvua leo. Hebu angalia, barabara yao imezama?"

Nikafungua jedwali. Nikasoma tarehe mara mbili, nikateremka na kidole hadi mstari wenyewe. Imezama.